Jinsi ya Kuandika Vichekesho vya Kanisani Bila Kuitwa Ofisini kwa Askofu

Kazi yangu kanisani ni kuhesabu vichwa. Mimi ni karani wa kata, yaani kusanyiko moja la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na kila Jumapili, sakramenti ikishapitishwa na mashemasi, ambao kwetu ni wavulana, wakarudi kukaa na wazazi wao, naanza benchi la mbele hadi viti vya kukunja kule nyuma: mmoja, wawili, watatu. Watoto hawatulii, kwa hiyo wapo wanaohesabiwa mara mbili, na yupo mmoja wa chini ya benchi ambaye nina hakika hajawahi kuingia kwenye rekodi yoyote. Katika kuhesabu huko ndiko nilikoanza kuandika vichekesho. Ukiwatazama watu 117 mmoja baada ya mwingine huku hotuba inaendelea, huwezi kukosa la kuandika.

Tangu hapo nimeandika michezo mifupi ya jioni za kata, mashairi ya kumuaga askofu (kwetu ndiye kiongozi wa kata) anayepumzishwa, matangazo ya uongo na kumbukumbu za mikutano ambayo haikufanyika. Mengine yalipokelewa vizuri. Moja liliumiza mtu, nami nitalisimulia, maana ndilo lililonifundisha zaidi.

Kwanza jua kicheko kinatoka wapi

Katika Kanisa letu, kata haina mhubiri wa mshahara. Fundi bomba anahubiri leo, mwalimu wa hesabu wiki ijayo, na kijana wa miaka 13 anatangulia wote wawili akiwa ameshika karatasi kwa mikono miwili kama usukani. Wito, yaani kazi ya kujitolea tunayopewa na viongozi, hatuombi, na tukipewa, wengi wetu hatuukatai. Ndiyo maana asiyejua kuimba anajikuta anaongoza nyimbo, na mwenye kuogopa watoto anakabidhiwa darasa la Msingi lenye watoto tisa na kipande kimoja cha chaki.

Kati ya wito na uwezo kuna pengo, na vichekesho vyetu karibu vyote vinaishi humo. Ukilielewa hili hutahangaika kutafuta vituko. Utaandika tu juu ya mtu mwema anayejaribu kufanya jambo asilolijua, mbele ya watu wanaojua kwamba Jumapili ijayo ni zamu yao.

Andika kilichotokea, tena kwa hesabu

Uwe na daftari dogo. Langu linaingia ndani ya kitabu cha nyimbo bila kuonekana, na mke wangu anadhani naandika mambo ya kiroho. Andika maneno kama yalivyosemwa, saa, na idadi. "Hotuba ilikuwa ndefu" haimchekeshi mtu. Hiyo ni lawama. Jaribu hivi:

"Mzungumzaji wa kwanza alipewa dakika 10. Alitumia 4 kueleza jinsi mshauri wa askofu alivyompigia simu, 2 kueleza jinsi alivyoiona namba akasita kupokea, na 3 kusoma maana ya neno 'imani' kwenye kamusi. Dakika moja iliyobaki aliitumia kusema kwamba muda haumtoshi."

Sikuongeza chumvi. Hesabu ndiyo iliyofanya kazi, kwa sababu namba kamili humfanya msomaji aamini kwamba kuna mtu alikaa pale na saa. Namba za kukadiria, kama "kama dakika kumi hivi" au "watu wengi", huua kicheko kabla hakijazaliwa.

Angalia pia kama jambo lako bado lipo. Tangu Januari 2019 mikutano ya Jumapili ni ya saa mbili, si tatu, kwa hiyo mzaha wa mtu aliyezeeka akisubiri saa ya tatu iishe utawachekesha wakongwe tu. Vivyo hivyo yule mwalimu wa nyumbani, aliyetakiwa kuitembelea familia kila mwezi, aliyebisha hodi usiku wa tarehe 31 ili ripoti yake isome asilimia mia. Uhudumiaji ulichukua nafasi ya ualimu wa nyumbani mwezi Aprili 2018, na kijana wa leo atakuuliza huyo mgeni alikuwa nani na kwa nini hakutuma ujumbe.

Mipaka

Tulikuwa na dada mmoja aliyelia kila alipotoa ushuhuda. Kila mara, na kwa muda mrefu. Kwenye jioni moja ya kata niliandika mchezo ambamo kijana aliigiza akitoa ushuhuda huku akijifuta, kwanza kwa leso, kisha kwa taulo, kisha kwa shuka. Ukumbi uliangua kicheko. Yule dada naye alicheka, nilimwona.

Jumapili ya mfungo iliyofuata, ndiyo siku ya kusimama kutoa ushuhuda, hakusimama. Wala ile ya mwezi uliofuata. Mimi ndiye mwenye kuhesabu, nikahesabu: tatu. Nikaenda kwake kuomba radhi, na akanijibu kwa upole kabisa: "Ndugu karani, sikujua kwamba mlikuwa mnahesabu na machozi."

Tangu siku hiyo ninayo orodha ya vitu nisivyovigusa. Sala za sakramenti. Hekalu na yote ya ndani yake. Yaliyosemwa kwenye ofisi ya askofu. Zaka ya mtu, ndoa yake, kukosa kwake mtoto, na sababu za kutoonekana kwake tangu mwaka jana. Na ushuhuda wa mtu mmoja anayejulikana, hata kama unachekesha. Unaweza kuandika juu ya desturi ya watu wote kugeuza ushuhuda kuwa simulizi ya safari, maana hapo sote tumo. Ukimwigiza mmoja, umemtoa katikati yetu ukamsimamisha peke yake.

Kuna watakaokuambia kwamba kanisani hakuchekwi kabisa, na wana maandiko mkononi. Mafundisho na Maagano, mojawapo ya vitabu vyetu vya maandiko, sehemu ya 88, iliyoanza kutolewa Desemba 1832, inaonya juu ya kicheko kilichopita kiasi, na sehemu ya 59, ya Agosti 1831, inataka mfungo na sala viandamane na moyo wa furaha na uso mchangamfu lakini si kwa kucheka sana. Sibishani na maandiko. Nasoma tu yote: moyo wa furaha na uso mchangamfu ni amri pia, na kuna mabenchi yetu mawili matatu ambayo hayajaipata habari hiyo. Joseph Smith mwenyewe, nabii wetu wa kwanza, aliandika kwamba ujanani alikuwa na tabia ya uchangamfu, na kwamba wakati mwingine ilimponyoka. Naye J. Golden Kimball, aliyekuwa mmoja wa viongozi wakuu wa Kanisa toka 1892 hadi kifo chake mwaka 1938, aliswaga nyumbu alipokuwa kijana, na lugha kali ya waswaga nyumbu ikamfuata hadi mimbarini. Watu walijaa kumsikiliza. Mimi nikisoma habari zake naona jambo moja: aliyechekwa zaidi ni yeye mwenyewe.

Hapo ndipo penye njia salama. Ukiwa na shaka, jiweke wewe. Mchekwaji akiwa ni karani, karani hana wa kumlalamikia.

Chagua umbo linalokubeba

Mwandishi mchanga hufikiri kichekesho ni hadithi yenye mwisho wa kushtua. Kanisani tuna maumbo mengi yaliyokwisha kutengenezwa, na kila mtu anayajua kwa moyo. Unachofanya ni kuazima umbo zito ukatia ndani yake jambo jepesi.

Lililo rahisi kuliko yote ni tangazo. Akidi ya Wazee, kikundi cha wanaume wa kata, ndiyo inayoitwa mtu akihama nyumba, basi:

"Jumamosi saa mbili asubuhi Akidi ya Wazee itasaidia familia moja kuhama. Ghorofa ya nne, lifti imeharibika. Tumeambiwa ni masanduku machache. Mara iliyopita pia tuliambiwa ni masanduku machache. Ndugu waliokuwepo mara iliyopita wanaombwa waache kusema wana mgongo."

Kumbukumbu za mkutano ndilo umbo langu la nyumbani. Ziandike kwa ukavu, kama mtu anayetunza rekodi za milele: "Ilipendekezwa kwamba vijana wapange viti baada ya shughuli. Vijana waliunga mkono kwa kuondoka. Waliopinga: hakuna. Waliobaki: karani."

Kwa watoto wa Msingi na kwa jioni ya familia nyumbani, vitendawili vinatosha. Kitendawili! Tega. Niliingia kwa miguu yangu, nikatolewa nimebebwa, wala si maiti. (Mtoto aliyepiga kelele kwenye mkutano wa sakramenti.) Sijaua mtu, lakini kila aingiaye ananikimbia. (Benchi la mbele.) Nimesema "kwa kumalizia" mara tatu, na bado naendelea. (Mzungumzaji kutoka baraza kuu la kigingi, yaani la kata kadhaa kwa pamoja.) Hiki cha mwisho nilikitega mbele ya mjumbe wa baraza kuu mwenyewe. Alifikiri sana, akasema ameshindwa, akaomba apewe muda zaidi.

Mtindo wa maandiko nao ni mtamu, ila una mtego. Huu hapa wangu:

"Mimi, karani, nikiwa nimezaliwa na wazazi waliowahi kanisani, nilioa katika jamaa ya wachelewaji. Na ikawa kwamba tulisafiri dakika 40 nyikani, na mwanangu wa pili alinung'unika, kwani kiatu chake kimoja kilikuwa kimebaki nyumbani. Na ikawa kwamba nilirudi kukichukua, ingawa ndugu zake walisema ni jambo gumu. Na tazama, kilikuwa mfukoni mwangu."

Msomaji wa Kitabu cha Mormoni atamwona Nefi akirudi Yerusalemu kuzifuata zile bamba za maandiko, na kaka zake Lamani na Lemueli wakinung'unika njia nzima. Lakini angalia: ninachokitania ni safari yangu, si yake. Nimeazima mwendo wa sentensi tu. Mtego wenyewe ni "na ikawa kwamba". Kitabu chenyewe kinayatumia maneno hayo zaidi ya mara 1,000, lakini kile kina kurasa zaidi ya 500 na wewe una nusu ukurasa. Mara mbili au tatu zinatosha, ya nne inachosha.

Halafu kuna shairi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mtu anayehesabu vichwa anapogeuka kuhesabu mizani.

Tarbia ina mishororo minne, kila mmoja mizani 16, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Uzuri wake kwa vichekesho ni kibwagizo. Ule mshororo wa nne ukirudi kila ubeti, hadhira huanza kuusubiri, na ubeti wa pili ukifika wanausema pamoja nawe. Kwa hiyo anza kutunga kutoka chini: tafuta kibwagizo kwanza, ndipo uyapandishe mengine juu yake. Mimi nilikipata changu wakati wa kuidhinisha miito. Watu huinua mkono kumkubali mtu, na mwezi haujaisha wanaanza kumsema. Nikaandika kwenye daftari: mikono mliinua. Mizani nane, bila kuongeza wala kupunguza. Nilikaribia kupiga kelele.

Wito umenifikia, nyimbo niwe kiongozi,
Sauti nikiachia, wana huita wazazi,
Mpiga kinanda pia, amesahau ujuzi,
Mikono mliinua, sasa mwalalama nini?

Kwa mkono ninapunga, kama nzi nafukuza,
Beti ya tatu naunga, wenzangu washamaliza,
Ya nne nikaboronga, kimya kikanituliza,
Mikono mliinua, sasa mwalalama nini?

Kusema kweli, "kimya kikanituliza" ndiyo nusu mshororo niliyoihangaikia kuliko zote. Mwanzo niliandika "kimya kikaniumiza". Mizani ni zilezile na kina ni kilekile, lakini mtu anayeumizwa na kimya anaomba kuhurumiwa, na anayehurumiwa hachekeshi. Anayetulizwa na kimya hajui hata kwamba ameharibu. Neno moja.

Nina lalamiko moja la mshairi. Mwezi Oktoba 2018 Rais Russell M. Nelson, aliyeliongoza Kanisa wakati huo, alituomba tuache lile jina la utani la "Mormoni" tulitaje Kanisa kwa jina lake kamili. Natii. Lakini hesabu mwenyewe kwa vidole: Ka-ni-sa la Ye-su Kri-sto la Wa-ta-ka-ti-fu wa Si-ku za Mwi-sho. Mizani 20. Mshororo wa tarbia unabeba 16. Watakatifu wanaingia wote. Wanaobaki nje ya mlango ni Siku za Mwisho.

Punguza

Ukishaandika, siku ya pili rudi na kalamu ya kufuta. Hili ni toleo langu la kwanza la kisa kimoja:

"Kulikuwa na ndugu mmoja aliyekuwa amefunga, na wakati wa mkutano wa ushuhuda tumbo lake likawa linanguruma kwa sauti kubwa sana mpaka watu wote wakageuka kumwangalia, na kwa kweli ilichekesha mno."

Na hili ndilo nililolisoma:

"Jumapili ya kwanza ya mwezi. Tumefunga milo miwili. Dada amemaliza ushuhuda wake, amekaa, na hakuna anayesimama. Kimya. Sekunde 40, nilihesabu. Ndipo likazungumza tumbo langu."

Yule ndugu amekuwa mimi, na kwa kweli alikuwa mimi tangu mwanzo, nilijificha tu. Nimefuta "ilichekesha mno", kwa sababu ukimwambia mtu kwamba jambo linachekesha, atakusubiri umthibitishie. Na tumbo nimelipeleka mwisho kabisa wa sentensi. Kiswahili kinakuruhusu kutanguliza kitenzi na kukiacha kiima kije nyuma, "likazungumza tumbo langu", na nafasi ile ya mwisho ndipo kicheko kinapokaa. Ukisema "tumbo langu likazungumza kwa sauti katikati ya kimya kile", watu watacheka kwenye "likazungumza" na maneno yako yaliyobaki yatamezwa.

Soma kwa sauti ukiwa peke yako jikoni. Ulimi ukikwama mahali, hapo pana neno la ziada.

Kabla ya kusimama

Kama kuna mtu hai anayeweza kujitambua ndani ya maandishi yako, mpelekee ayasome kabla. Siyo kumwambia "nimekuandika kidogo, ni utani tu." Mpe karatasi, ukae. Akicheka haraka na kwa sauti, bado usiamini. Yule dada alicheka pia. Muulize: nikitoa sehemu hii utafurahi? Akinyamaza kabla ya kujibu, itoe.

Mahali nako kuna maana. Jioni ya kata, sherehe ya kumuaga mtu, jioni ya familia, darasa la vijana katikati ya wiki: huko achia mkono. Kwenye mkutano wa sakramenti, ukipewa hotuba, kitu kimoja chepesi kinatosha, kiwe mwanzoni, na kiwe kinaelekea kwenye unachotaka kusema. Nimewaona watu wakitupa vichekesho vitatu mfululizo mimbarini kisha wakajaribu kugeukia Gethsemane. Gari haligeuki kwa kasi hiyo.

Soma kwa uso mkavu. Usicheke kabla yao. Wakicheka, subiri wamalize, lakini usisubiri hadi kimya kirudi kabisa. Ingia wakati kicheko kinashuka. Ukiona hawacheki, endelea kama vile ulikuwa unasoma matangazo ya kweli. Mara moja nilifanya hivyo, na ndugu wawili wakaja Jumamosi saa mbili asubuhi na glovu za kazi, wakiulizia ghorofa ya nne.

Na usikubali kupangwa wa mwisho kwenye ratiba. Nilisoma kumbukumbu zangu za uongo mwishoni mwa jioni moja ya kata, na baada yangu akaitwa dada wa kufunga kwa sala. Akainamisha kichwa. "Baba yetu wa Mbinguni," akasema, akanyamaza. Tukasubiri. "Baba yetu wa Mbinguni." Mabega yake yakaanza kutikisika. Mara ya tatu alijikaza akafika mbali kidogo: "Tunakushukuru kwa jioni hii, na kwa chakula, na kwa karani—" Hakuendelea. Askofu, macho yamefumbwa na machozi yanamtiririka, ndiye aliyesema amina, na watu 94 wakaitikia.